Mfuko ulishafunguliwa Dar? Zikaushe hizo chipu kabla ya kuzichomea

Mkuu, zima bloa kwanza, hiyo mashine ya hewa moto ya kuchomea. Unauliza uchague risasi ipi ya kuchomea na joto gani, huku chipu zenyewe za kielektroniki umezinunua Kariakoo, Dar, mfuko wake wa kuzuia unyevu ukiwa wazi, zimekaa kabatini Dodoma miezi, na muuzaji kakwambia usihangaike kuzikausha kwa kuwa "Dodoma hakuna unyevu". Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikalipa bodi za mteja kutoka mfukoni mwangu.

Dodoma ni kukavu mwezi wa nane. Njoo Januari mvua ikishika. Halafu mfuko haukufunguliwa Dodoma, ulifunguliwa Dar, kwenye jasho lile la pwani! Plastiki ya chipu hunyonya maji kimyakimya. Ukiipiga joto la nyuzi 240 hadi 260, maji yanageuka mvuke ghafla na hayana pa kutokea. Chache nilizisikia zikilia "ta!", tumbo likavimba. Hizo afadhali, unaziona unazing'oa. Zilizoniumiza ni zilizonyamaza: bodi ikawaka, nikapima, nikakabidhi, kisha zikaanza kurudi mojamoja. Ndani plastiki ilikuwa imeachana na silikoni, na vile viwaya vyembamba kama unywele vimekatika.

Wauzaji hawa wananikera mno. Chipu hupangwa madaraja kwa jinsi zinavyoathirika na unyevu: ya daraja la 3 ina saa 168 tu nje ya mfuko, tena chumba kisizidi nyuzi 30 na unyevu asilimia 60. Daraja la 5a ni saa 24. Hesabu inaanza mfuko ulipofunguliwa, si siku uliyolipa. Mtu anakukatia vipande kumi, anavitia kwenye kinailoni bila lebo wala kadi ya kuonyesha unyevu, halafu anakupa na ushauri juu!

Shika hili: kama hujui mfuko ulifunguliwa lini, chipu ni mbichi, kausha. Nyuzi 125 ni kwa trei iliyoandikwa kwamba inahimili. Zilizo kwenye rili, yaani zimepangwa kwenye ukanda uliozungushwa, usithubutu, ukanda utapinda wote. Hizo ni nyuzi 40 kwenye hewa kavu isiyozidi asilimia 5, na ni kazi ya siku nyingi. Muda kamili uko kwenye jedwali la J-STD-033, kile kiwango cha kutunza chipu zinazoathirika na unyevu, kwa unene na daraja. Usizirudierudie pia: jumla ikipita saa 96 kwenye nyuzi 125, miguu inaota oksidi na risasi inakataa kushika.

Zikitoka, chomea. Zinazobaki zifunge siku hiyohiyo na silika mpya ya kunyonya unyevu na kadi, uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuko.