Usiguse faili la leseni kabla hujapata "ndiyo" ya kila mtu

Mkuu simama hapo hapo. Umesema mradi wako wa programu uko chini ya leseni ya GPL toleo la 3 (anayesambaza programu iliyojengwa juu yake lazima atoe na msimbo wake kwa masharti yale yale), una wachangiaji 14, wikiendi hii unataka uwe MIT (leseni legevu, mtu anaweza hata kuifungia ndani ya programu yake), unauliza kama Apache 2.0, nayo legevu, ingefaa zaidi, halafu ukamalizia na "repo ni yangu kwa hiyo hamna shida". Hapo ndo nimeshtuka, maana mimi niliandika sentensi hiyo hiyo na ikanila miezi mitatu.

Repo, yaani ghala la msimbo wa mradi, kuwa kwenye akaunti yako hakukufanyi uwe mwenye kila kilichomo. Aliyeandika mistari ya msimbo, hakimiliki ya mistari hiyo ni yake mpaka mwenyewe aseme vingine kwa maandishi. Alikupa kazi kwa masharti ya GPL, basi, ruhusa ya kugeuza masharti hakukupa.

Nilikuwa na maktaba ya kuhesabu tarehe na saa za kanda mbalimbali, GPL kama yako. Makampuni yakawa yananiandikia kwamba wanaitaka ila leseni inawabana, nikaona acha niiweke MIT watu watumie. Nikamuuliza jamaa mmoja ambaye wote tulikuwa tunamwona ndo mwenyewe kwenye haya mambo, akanijibu mstari mmoja: badilisha faili la LICENSE toa toleo jipya, mbona makampuni makubwa yanabadili usiku mmoja. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile nawaka. MongoDB, kampuni ya programu ya hifadhidata, walipotoka leseni ya AGPL kwenda ya SSPL mwaka 2018 walikuwa na mkataba ambao wachangiaji wanasaini ndo kazi yao ipokelewe, mkataba ndo uliwapa ubavu wa kubadili. Mimi sikuwa na mkataba na mtu yeyote na jamaa hakuuliza hata hilo moja. Kama hujui sema sijui, usimpe mwenzako jibu la kujiamini halafu akaungue peke yake!

Basi nikabadilisha, komiti moja tu (badiliko moja linalohifadhiwa kwenye historia ya mradi), nikatoa toleo la 2.0 nikalala. Siku ya tisa ikaingia imeili, mstari wa kwanza: "Sikukupa ruhusa." Ni yule kijana aliyeandika sehemu yote ya kanda za saa, mistari kama 900, miaka miwili nyuma. Hakutukana wala hakutishia, alisema tu alichagua mradi wa GPL kwa makusudi kwa sababu hataki kazi yake ifungiwe ndani ya programu ambayo watu hawaruhusiwi kuona ilivyoandikwa. Alinisaidia bure, na mimi nikamgeuzia maneno bila hata salamu. Hilo liliniuma kuliko usumbufu wote uliofuata.

Na usumbufu ulikuwepo. Toleo la 2.0 lilishaingia kwenye miradi ya watu, nikaliondoa, nikaanza kumwandikia mmoja mmoja kwamba ile MIT niliyowapa sikuwa na haki ya kuwapa. Nikakaa niandike upya zile 900. Kufika fankisheni ya tatu nikalinganisha na ya zamani, majina yale yale, mpangilio ule ule, maana niliwahi kuikagua kazi yake mstari kwa mstari na ilishakaa kichwani, huko sio kuandika upya, ni kunakili kwa kumbukumbu. Ikabidi nimtafute mtu ambaye hajawahi kulifungua lile faili, nikampa maelezo tu ya kinachotakiwa kutokea, tukadhani majaribio ya zamani, ule msimbo wa kupima kama programu inafanya kazi sawa, yatamsaidia kuhakiki, kumbe na majaribio aliyaandika kijana yule yule. Nayo yakatoka.

Sasa hiyo 14 yako umeihesabu wapi? Kama ni kwenye ukurasa wa GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi miradi, usiiamini. Endesha amri ya git shortlog -sne, inayoorodhesha majina na imeili za walioandika, halafu pitia historia kwa macho yako. Yangu ilionyesha watu 11, kweli walikuwa 17. Nilikuwa nabana komiti za watu kuwa moja, pachi nyingine (vipande vya marekebisho) zilikuja kwa imeili nikazibandika mwenyewe, zote zikasoma jina langu. Mmoja alikuwa na anwani tatu, mwingine imeili yake ilishakufa. Na kuna aliyesema ndiyo haraka haraka, baadaye ikajulikana aliandika akiwa kazini na mkataba wake wa ajira unasema kazi hiyo ni ya mwajiri, kwa hiyo ndiyo yake haikuwa na uzito, tukasubiri kampuni isaini.

Usije ukaleta na ile ya asiyejibu amekubali. OpenSSL, mradi wa programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, mwaka 2017 waliwaandikia wachangiaji kwamba tusipokusikia tutachukulia huna pingamizi, watu wakawajia juu, na toleo lao la kwanza chini ya Apache 2.0, yaani OpenSSL 3.0, lilitoka 2021. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, walipohamia leseni ya data ya ODbL mwaka 2012 walifuta kwenye ramani data za wasiokubali, barabara za watu zikaondoka kweli. Inauma lakini ndo njia, aliyekataa au asiyepatikana kazi yake inatoka, inaandikwa upya na mtu mwingine. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Anza leo na yule mwenye mistari mingi kuliko wote, kwa sababu akikataa huenda usihangaike na wengine kabisa. Mwandikie wazi: kazi yako yote kwenye mradi huu iko GPL toleo la 3, naomba ukubali itolewe pia chini ya MIT, na je ni yako mwenyewe au ya mwajiri? Ajibu kwa maandishi, majibu yote uyaweke ndani ya repo. Hata aliyesahihisha herufi mbili muulize tu, ni imeili moja. Shortlog ikitoka ibandike hapa bila anwani za watu, tuipitie wote.