Jibu: Zahanati inataka nisaini nipokee pesa, mtoto aliumia mkono baada ya chanjo

Dadangu wa Likoni, usisaini bado. Hiyo karatasi ya "malipo ya mwisho na kamili" ni pingu: ukishasaini, huwezi kudai zaidi. Kakangu alisaini ya ajali ya matatu kwa elfu ishirini, na miezi miwili baadaye akafanyiwa operesheni kwa pesa zake mwenyewe.

Kisha, mtoto wa chini ya miaka 18 humsainii tu mezani kwa mwenye zahanati. Kesi ikishafunguliwa, Agizo la 32 la Kanuni za Kesi za Madai, 2010 linataka mahakama iyaidhinishe maafikiano kwanza. Hakimu huuliza: pesa hizi zinamtosha mtoto?

Kazi kubwa ni ushahidi. Kuvimba baada ya sindano hakuthibitishi kosa la mtu. Daktari asiye wao aandike chanzo, kama ni chanjo yenyewe au ilivyodungwa. Piga picha kitabu cha kliniki, ukurasa wenye tarehe na nambari ya bechi ya chanjo, kabla hakijaombwa "kikaguliwe". Ripoti pia kwa Bodi ya Dawa na Sumu, wanaosimamia usalama wa dawa na chanjo.

Ingekuwa zahanati ya serikali, kesi ya madai ya madhara ina miezi 12 tu ya kufunguliwa. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi hapa Mombasa, pitia uwaone.