Usisugue Hizo Shilingi za Simba

SWALI: Habari yako mhariri. Tumefungua mkebe wa Kimbo wa guka wetu marehemu tukapata shilingi za zamani zile za simba, nyingi tu, kuna za 1922, 1924, 1937 mpaka 1952. Zimekuwa nyeusi tititi. Bro wangu ameshachukua moja akaisugua na mswaki na Colgate ikang'aa kabisa, sasa anataka kumaliza zote wikendi hii ndio tutafute mnunuzi. Nimwache aendelee? Na nitajuaje ipi ina maana na ipi ni ya kununua tu peremende?
*Mjukuu wa Guka, Umoja*

JIBU: Mjukuu, mnyang'anye huo mswaki leo leo. Hiyo moja aliyosugua ishaharibika, si ati haiuziki, ila mtu anayejua kazi akiigeuza chini ya taa ataona mikwaruzo myembamba kama nywele imelala upande mmoja na hapo hapo bei inashuka, hata kama simba anaonekana smati kuliko wenzake mkebeni. Huo weusi si uchafu. Ni fedha yenyewe, ile metali ya silva, imeshikana na salfa, na salfa iko kwa moshi, kwa magazeti, hata kwa rababendi, kwa hivyo ukitoa weusi kwa kusugua unatoa na ngozi ya juu ya sarafu, na hiyo haikui tena.

Zipange kwanza kwa miaka. Shilingi za East African Currency Board (bodi iliyotoa pesa za Afrika Mashariki enzi za mkoloni) za 1921 hadi 1925, halafu za 1937 hadi 1946, ziko na fedha robo, kingine ni metali za bei ya chini. Kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa, ni shaba na nikeli, hizo weka kando. Ikiwa mwaka umefutika soma maandishi upande wenye kichwa cha mfalme wa Uingereza: ukiona IND: IMP: ujue ni zile za fedha, maana yake alikuwa anajiita pia mfalme mkuu wa India, na India ilipojinyakulia uhuru 1947 ikabidi hayo maneno yatolewe. Shilingi ya fedha ikiwa haijalika sana inakuja kama gramu 7.78, mizani ndogo ya digitali kutoka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, inatosha kabisa.

Sasa piga hesabu. Robo ya gramu 7.78 haifiki hata gramu 2 za fedha. Ukimpelekea sonara akupimie kwa uzani atakupa pesa ya chai na mandazi na hatakuwa amekuibia, kwa sababu hapo hakuna fedha ya kutosha. Kinachonunuliwa hapa ni hali ya sarafu.

Na hali inasomwa pale palipoinuka, maana ndipo panaposuguana na mifuko na sarafu zingine. Chukua lenzi, hata ile ya kusoma Biblia ya mzee, kaa karibu na dirisha au washa taa moja tu ya mezani. Upande wa mfalme anza na taji, angalia vito vyake kama bado kimoja kimoja au vimeungana vikawa mstari, kisha nyusi na sikio, na kwa zile za 1921 hadi 1925, za George V, angalia ndevu. Geuza kwa simba: manyoya ya shingo, bega, paja la nyuma. Kama manyoya unaweza kuyahesabu hiyo ni sarafu ya kuheshimu, kama shingo imekuwa laini tu na simba amebaki kivuli, hiyo ilifanya kazi yake sokoni ikachoka.

Wakusanyaji wanapima hali (gredi) kwa skeli ya Sheldon, ilitengenezwa 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, inaenda 1 mpaka 70. Kuanzia 60 kwenda juu (wanaandika MS, Mint State) ni sarafu ambayo haijawahi kutumika, AU (About Uncirculated) ni 50 mpaka 58, imeguswa kidogo tu sehemu za juu, XF (Extremely Fine) ni 40 na 45, VF (Very Fine) ni 20 mpaka 35, chini ya hapo F (Fine), VG (Very Good) na G (Good) ambapo unaona umbo tu. Mimi nikikisia, mkebe wa guka utakuwa na VF na F nyingi. Lakini kuna mtego: sarafu nyingine ilitoka kiwandani na chapa hafifu, ukadhani imelika. Iinamishe polepole chini ya taa, mng'aro wa kiwandani unazunguka juu ya sarafu kama spoki za baiskeli, na ukipita mpaka kwenye hiyo sehemu iliyofifia bila kukatika, basi haijalika, ilipigwa vibaya. Iliyolika itakuonyesha doa la kijivu lisilozunguka. Ile ya bro haitazunguka chochote, itang'aa tu kote sawa kama kijiko.

Angalia na ukingo pia, palipobonyea panakula bei. Ziweke moja moja kwa bahasha za karatasi isiyo na asidi, usizitie kwa yale maplastiki laini ya PVC, yanaacha utelezi wa kijani. Na uzishike ukingoni, si usoni.

SWALI: Asalaam aleikum. Nyanya yangu wa Moyale aliniachia sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa, 1780, imetobolewa juu alikuwa anaivaa shingoni. Kuna jamaa anasema ni ya miaka zaidi ya mia mbili na tundu si shida. Ni kweli?
*Mama wa Eastleigh*

JIBU: Waaleikum salaam mama. 1780 ni mwaka Maria Theresa mwenyewe, malkia wa Austria, alipofariki, na wote waliozipiga baadaye, Vienna, London, Rome, Bombay, waliacha mwaka huo huo, zingine ni za karne ya 20 kabisa. Kwa hivyo mwaka hauthibitishi umri. Tundu ni shida kwa gredi, kampuni za kupima hali ya sarafu haziwezi kuipa namba safi ya skeli. Lakini hii si kama shilingi za simba: nzima ina gramu 28 na kidogo, fedha ni asilimia 83, yaani zaidi ya gramu 23 za fedha tupu, kwa hivyo hata ikiwa imetobolewa usikubali bei ya huruma. Pima uzani, kumbuka tundu limepunguza kidogo, halafu pitisha kidole ukingoni, ya kweli ina maandishi yaliyoinuka. Ukingo ukiwa laini kabisa, shuku.

SWALI: Shilingi ya Kenyatta ya 1966 kweli inanunuliwa laki tano? Nimeona WhatsApp.
*Kijana, Kayole*

JIBU: Hapana. Ni shaba na nikeli, haina fedha hata tone, na zilitengenezwa nyingi mno. Kama yako haina maandishi yoyote kuzunguka kichwa cha Mzee (yaliongezwa 1969) na bado ina mng'aro wake, iweke, ni nzuri. Huyo wa WhatsApp akikuitisha hela ya "kusajili" sarafu kabla akulipe, mbloku.