Kijana, Weka Chini Hicho Kisu

Jumamosi nimemkuta mmoja wenu amechuchumaa kando ya Vitz ya cc 1000, kisu mkononi, anakata plastiki ya ndani ya madigadi ili matairi ya 195/55R16 yapate nafasi. Nimemwambia aache. Kisu kama hicho niliwahi kukishika mimi, ndiyo maana nawaandikia nyote mnaoanza ufundi.

1. Piga hesabu kabla hujapiga jeki. Stika ya Vitz ile inasema 165/70R14: upana milimita 165, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 14. Kimo cha gurudumu zima ni milimita 587 hivi. Hiyo 16 yenu ina 621, karibu asilimia 6 zaidi. Mteja aking'ang'ania rimu kubwa, 185/55R15 ina kimo cha 585. Hiyo mvalishe.

2. Gurudumu likikua, kila mzunguko unalipeleka gari mbali zaidi, na nguvu ya kusukuma inapungua kwa kiasi hichohicho. Ni kama umepunguza nguvu ya gia ya kupandia mlima. Mteja wangu, mwalimu, alikuja na rimu 16 za mtumba. Nikakata plastiki, nikalijaribu gari mtaani peke yangu, lami tambarare, nikamkabidhi funguo. Wiki ya pili akaenda Iringa na mkewe na watoto watatu, buti limejaa. Kupanda Kitonga, injini ya silinda 3 ililia mlima mzima. Lakini mlima haukuwa tatizo kubwa. Nyuma ya gari ililala kwa mzigo, na kila tuta ukingo wa madigadi ulikuwa unachinja tairi. Alipofika Ilula akasimama, akaona nyuzi zimetokeza ubavuni. Akanipigia. Hakufoka. Alisema tu, "Fundi, watoto wangu wamekaa juu ya hilo tairi." Sikulala. Alfajiri nikapanda basi na magurudumu yake ya zamani kwenye buti, nikamfungia mwenyewe, nikamrudishia hela yake yote. Sauti ile bado naisikia, ndiyo maana nawafokea. Jaribuni gari likiwa na watu watano, jamani! Mafundi wenzenu wanne wakipanda nyuma na mbele, mtajua ndani ya dakika kumi.

3. Spidi mita haijui kwamba umebadilisha matairi. Ikisoma 50, gari linaweza kuwa kwenye 53, na trafiki mwenye tochi ya kupimia spidi hatasikiliza habari za rimu. Kilomita nazo zinasomwa pungufu: safari ya 100 inaandikwa 94 hivi, mteja anakuja juu kwamba gari limeanza kula mafuta. Sehemu ya malalamiko yake ni kipimo, sehemu ni kweli, maana rimu nzito inagharimu kila anapoondoka kwenye foleni.

4. Tundu la katikati la rimu ya Vitz ni milimita 54.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi itie ringi ya kujazia, la sivyo stelingi inaweza kutetemeka na mtabalansi mpaka usiku. Nati kazeni kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ya mkabala wake. Tairi lililoandikwa 2319 ni la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Someni kabla ya kusifia kashata zake, yaani meno ya mpira. Upepo fuateni stika ya mlango wa dereva.

Wewe wa Jumamosi, kisu chako kiko kwenye droo yangu. Mwenye Vitz anarudi kesho saa tatu. Njoo mapema na tepu, tumwonyeshe hesabu pamoja.