Usimeze kidonge kingine cha UTI kabla mkojo haujaoteshwa

Jumanne usiku niliandikiwa na dada mmoja wa Nakuru. Ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo: mkojo unamchoma kama pilipili, hii ni mara ya tatu tangu Januari, na rafiki yake amemwachia vidonge vinne vya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, alivyobakiza. "Nimeze?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, kwa sababu dada huyo ndiye mimi wa miaka miwili iliyopita.

Usimeze, dada yangu. Ngoja nikueleze yaliyonipata.

Nauza mitumba Kibuye, hapa Kisumu. Anayelijua soko hilo siku ya Jumapili anajua kwamba ukiacha meza uende chooni, unarudi mteja keshaenda, au blauzi mbili hazionekani. Basi nilikuwa sinywi maji tangu asubuhi, mkojo naubana mpaka jioni, na jua letu mnalijua. Ulipoanza kuniwasha nikaenda duka la dawa karibu na stendi, nikaeleza kwa sauti ya chini, nikafungiwa kotrimoksazoli, nayo dawa ya kuua bakteria, kwenye bahasha ya kaki. Sikuulizwa chochote. Maumivu yakapoa, baada ya wiki tatu yakarudi. Safari hiyo nikapewa amoksilini. Nilipopata nafuu siku ya pili nikaacha, zilizobaki nikazitia kwenye mkebe wa sindano na uzi ziwe akiba. Kisha siprofloksasini. Mwaka ukaisha hivyo.

Lakini kilichoniuma kuliko mkojo ni mume wangu kuniuliza ugonjwa huo nimeutoa wapi. Sikuwa na jibu, nililia tu. Leo jibu ninalo: kijidudu kinacholeta sehemu kubwa ya maambukizi haya ni Escherichia coli, na makao yake ni utumbo wetu wenyewe. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi. Hakina safari ndefu. Nilistahili kuombwa radhi na mpaka leo sijaombwa.

Usiku mmoja wa Agosti homa ilinitetemesha hadi kitanda kikalia, na mgongo upande wa kulia, chini ya mbavu, haukugusika. Maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo. Nililazwa, na hapo ndipo mkojo wangu ulipooteshwa kwa mara ya kwanza, yaani uliwekwa kwenye sahani ya maabara ili bakteria waliomo wakue na kujaribiwa dawa. Kabla ya hapo nilichopimwa ni kile kijiti cha kuchovya, ambacho huonyesha dalili za maambukizi ila hakikwambii dawa gani itaua.

Nilipoweza kutembea, mama wa maabara alinionyesha sahani yenyewe. Bakteria walikuwa wametanda juu yake kama utando wa maziwa, na juu yao vimepangwa viduara vya karatasi, kila kimoja na dawa yake, vidogo kama vifungo vya shati la mtoto. Penye dawa inayofanya kazi, kifungo huzungukwa na eneo safi. Kwangu wadudu walikuwa wamesogea hadi kwenye ukingo wa kifungo, kimoja baada ya kingine. Maeneo safi yalikuwa matatu tu. Kwenye karatasi ya majibu R zilijaa, maana yake kijidudu ni sugu, na chini pameandikwa ESBL.

ESBL ni vimeng'enya, yaani protini zinazotengenezwa na bakteria, vinavyovunja dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini kabla hazijafanya kazi. Jeni zinazovitengeneza, nyingi za kundi la CTX-M, mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake. Plasmidi hiyohiyo mara nyingi hubeba pia jeni za usugu dhidi ya kotrimoksazoli, kama sul na dfrA. Niliposikia hilo niliishiwa nguvu. Kila nilipomeza dawa bila kupima, wanyonge walikufa, wenye furushi zima la jeni hizo wakabaki na kuzaana. Hata dawa ambazo sijawahi kuzionja zilikuwa zimeshashindwa ndani yangu.

Nilichomwa meropenemu kila baada ya saa 8, siku saba. Mtaji wa balo mbili ukaenda.

Kwa hiyo pima. Omba kwa jina lake: kuoteshewa mkojo, pamoja na kipimo cha dawa zinazoua. Upeleke kabla ya kumeza kitu. Mkojo wa kwanza uache uende, kinga wa katikati kwenye chupa safi ya maabara, ufike mapema. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Ukiwa na homa, maumivu ya mgongo au mimba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na dawa utakayoandikiwa, imeze kama ulivyoandikiwa. Nasema tena, pima.

Na wewe unayemgawia jirani vidonge ulivyobakiza, najua unafanya kwa huruma. Acha. Huruma ya kweli ni kumsindikiza maabara, na kama hana nauli, mpe nauli. Na wewe muuza dawa, mwanamke akikunong'oneza kwenye dirisha lako, muulize hii ni mara ya ngapi. Mimi ningeulizwa hilo swali moja, nisingelazwa.

Dada wa Nakuru, vidonge hivyo vinne viache hapo vilipo. Kesho asubuhi nenda maabara kabla ya kazi. Karatasi ikitoka, mpelekee daktari, kisha niandikie umepata S ngapi, yaani dawa ngapi bado zinamuua kijidudu wako.