Pilipili ya Kuchua Magoti

SWALI: Bibi yangu, mwenye umri wa miaka 71, anasumbuliwa na baridi yabisi ya magoti. Jirani alimshauri ayachue kwa pilipili kichaa iliyopondwa na kuchanganywa na mafuta ya nazi, naye husema kwamba baada ya kuwashwa sana hupata nafuu. Je, jambo hili lina msingi wa kisayansi, au tunamtesa mzee bure? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Msingi upo, ndugu msomaji. Kemikali inayoifanya pilipili iwashe huitwa kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikitambua kipokezi cha kemikali hiyo kilichomo katika mishipa ya fahamu, kazi iliyomwezesha kushiriki Tuzo ya Nobeli ya Tiba ya mwaka 2021. Kipokezi hichohicho hutambua joto linalozidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, na ndiyo maana bibi huhisi kana kwamba ameguswa na chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nafuu hutokana na kinachofuata: mshipa uliochokozwa mara kwa mara hupoteza kwa muda uwezo wa kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo.

Kwa sababu hiyo hutengenezwa krimu zenye kapsaisini ya asilimia 0.025 hadi 0.075, zinazopakwa mara tatu au nne kwa siku, na nafuu yake huhitaji subira ya wiki kadhaa. Lipo pia bandiko la asilimia 8, ambalo hubandikwa na mhudumu wa afya kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi.

Kinachonitia hofu ni kinu cha nyumbani. Pilipili za mche mmoja huweza kutofautiana ukali, kwa hiyo hakuna ajuaye amempaka mzee kiasi gani, na ngozi ya uzeeni ni nyepesi, hutoka malengelenge upesi. Mwulizeni mfamasia krimu iliyopimwa. Anayemchua avae glavu, asipake penye mchubuko, wala asiweke kitambaa cha moto juu yake. Akiwashwa kupita kiasi, futeni kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha mwoshe kwa sabuni, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji matupu.

Dawa hii hutuliza maumivu tu, hairudishi gegedu iliyolika, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Goti likivimba ghafla na kuwa la moto, au homa ikimpanda, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.