Dabo na madau ya kumwambia mwenzako atoe karata gani

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini mwenzako wa briji mkikaa ulinzi kila mara anatoa karata ya kwanza isiyowasaidia, na kama ipo njia halali ya kumwelekeza. Ipo, na imo ndani ya mnada wenyewe, yaani pale wachezaji wanapopokezana kutangaza madau: mizunguko mingapi watakula na turufu ipi. Kwenye karata za barazani watu hukonyezana, kukohoa na kukuna sikio, na ndiyo raha yenyewe. Kwenye briji hilo ni kosa kubwa. Ukitaka kumwambia mwenzako kitu, mwambie kwa dau, wapinzani nao wasikie.

Kabla hujatangaza lolote jiulize: nani atatoa karata ya kwanza? Ni aliyekaa kushoto kwa mwenye mkataba, yule anayecheza baada ya upande wake kushinda mnada. Mpinzani wa kulia kwako akiwa ndiye atakayecheza, unatoa wewe, na kutangaza karata zako nzuri hapo ni kumchorea adui ramani bure. Akiwa ni yule wa kushoto kwako, anatoa mwenzako, na hapo ndipo dau lako lina kazi. Watu wanakariri orodha ndefu za dabo (tangazo la kuzidisha mara mbili thamani ya dau la mpinzani) bila kujiuliza hili, halafu wanashangaa.

Nikupe mfano. Wa kushoto kwangu kafungua 1 bila turufu (pointi 15 hadi 17; ree ni 4, kingi 3, malkia 2, jeki 1), mwenzangu pasi, wa kulia kasema 2 za pau, yaani Stayman, anauliza kama mwenzake ana karata nne za kopa au shupaza. Pau zenyewe hana habari nazo. Mimi nimeshika:

shupaza 8, 4
kopa jeki, 9, 6, 3
uru 7, 5
pau ree, malkia, jeki, 10, 2

Pointi nane tu. Sina nia ya kucheza mkataba wowote, lakini niliweka dabo. Maana yake kwetu ni moja: nina pau nzuri, nitolee pau. Mnada ukaendelea, wa kushoto akajibu 2 za uru (yaani hana karata nne hizo), wakafika 3 bila turufu, yaani mizunguko 9 kati ya 13. Mwenzangu alikuwa na shupaza malkia, 10, 7, 6, 3, kopa 4 na 2, uru kingi, 8, 6, 4, na pau 8 na 5. Bila dabo yangu angetoa shupaza ndogo, na hata mimi ningetoa hiyohiyo. Ingeangukia mdomoni mwa ree na jeki za mezani (karata za mwenzake mwenye mkataba, ambazo hulazwa wazi) na kingi ya mwenye mkataba, mizunguko mitatu ya bure, na mkataba ungeingia na ziada.

Badala yake alitoa pau 8. Niliweka 10, mwenye mkataba akala kwa kingi yake, kwa sababu alikuwa na kingi na 7 tu. Akahesabu mizunguko yake, ikawa haifiki 9 bila uru. Alikuwa na ree, malkia, jeki, 9, 3 mkononi, akajaribu kumkwepa kingi kwa kucheza uru kutoka mezani. Kingi alikuwa kwa mwenzangu, akala, akarudisha pau 5, nami nikala nne mfululizo. Mizunguko mitano kwetu, mkataba umeanguka kwa mmoja.

Dabo ya namna hii inafanya kazi kwenye kila dau la bandia ambalo mpinzani hataki kulicheza: 2 za uru za kuhamishia kopa (kumtaka mwenzake atangaze kopa), au jibu la 5 za uru mtu akiulizwa idadi ya ree, mradi atakayecheza mwisho ni yule wa kushoto kwako. Ila usiweke dabo ukiwa na pau malkia, 9, 6, 4. Mpinzani mwenye pau tano nzuri ataongeza dabo juu ya dabo na kubaki hapohapo, na 2 za pau zilizozidishwa mara nne zikiingia hutazisahau haraka.

Upande wa pili wa dabo ni ukimya, na huu watu hawausomi. Kama mwenzako alipata nafasi ya kuweka dabo kwenye 2 za uru bila gharama na akasema pasi, basi uru zake huenda si za kujivunia. Ukiwa huna uhakika wa karata ya kutoa, anza kwa kuiondoa hiyo kwenye hesabu.

Madau ya kawaida nayo ni vilevile. Wa kulia kafungua 1 ya pau, wewe una shupaza ree, malkia, jeki, 10, 4 na takataka nyingine: tangaza 1 ya shupaza. Ukiwa na pointi 12 lakini shupaza zako ni jeki, 8, 6, 4, 2, mimi nasema pasi, ingawa najua wapo humu watakaobisha. Sababu ni kwamba mwenzako mwenye kingi na karata moja ndogo atakuamini, atatoa kingi yake, na utakuwa umemponza.

Kuhusu mikataba ya 6, Mmarekani Theodore Lightner alileta wazo ambalo bado linatumika duniani kote: asiyetoa karata ya kwanza akiweka dabo kwenye slamu (mkataba wa 6 au 7), anaomba karata isiyo ya kawaida. Si turufu, wala si ile tuliyoitangaza sisi. Mara nyingi hana hata karata moja ya aina fulani na anataka kukata kwa turufu. Tazama ulipo na karata nyingi, huenda yeye ndipo alipo mtupu.

Halafu suala la adabu, maana kuna mtu juu kauliza kama huku si kuibia. Si kuibia, mradi wapinzani wakiuliza wanaelezwa maana ya dau. Kuibia ni kuweka dabo kwa sauti nzito, au kusitasita dakika nzima kabla ya kusema pasi. Ndiyo maana siku hizi madau hutolewa kwa kadi za kwenye kisanduku, na kwenye mashindano ya dunia ya Bermuda Bowl tangu 1975 wachezaji huwekewa pazia wasionane na wenzao. Ukicheza BBO (Bridge Base Online, briji ya mtandaoni) unaeleza dau lako mwenyewe. Wapinzani wanaona maelezo, mwenzako haoni.

Swali lako la mwisho, dabo juu ya 3 bila turufu: kubalianeni kabla ya mchezo. Sisi tunacheza hivi. Kama mimi au mwenzangu tulitangaza aina fulani, toa hiyo. Kama hatukusema kitu, toa ile iliyotangazwa kwanza na atakayelaza karata mezani, hata kama mkononi mwako unayo moja tu.